SOMO: Barabara kubwa inakuja. Lakini kilomita za mwisho ni za nani?



Leo hatutasema juu ya mbegu wala mbolea. Tutasema juu ya njia. Mavuno yenye hayafiki sokoni ni sawa na mavuno yenye hayakukuwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mu mwaka wangu wa pili wa kazi, nilishauri koperative moja ya milimani ipande nyanya nyingi. Nilisikia kama barabara kubwa itatengenezwa, nikawaambia: «Bei itakuwa nzuri, mupande!» Wakapanda. Nyanya zikatoka nzuri sana. Lakini kutoka kwenye mashamba mpaka barabara kubwa kulikuwa njia ndogo ya kilomita 11, na daraja la miti. Mvua ikaanguka siku tatu, daraja likaenda na maji. Makesi mengi ya nyanya yakaoza kando ya mto. Mama mmoja akaniangalia, akasema: «Agronomu, barabara yako inapita mu redio tu.»

Nilinyamaza, juu alikuwa na haki. Mimi niliangalia barabara ya serikali, sikuangalia njia ya shamba. Tangu siku ile, mbele ya kushauri mutu apande kitu chenye kinaoza mbio, ninauliza kwanza: njia yenu iko namna gani wakati wa mvua?

1. Serikali inafanya nini huku mpakani?

Tarehe 16 mwezi wa sita 2021, marais wa Kongo na Uganda walikutana pale Mpondwe na Kasindi kuanzisha kazi ya barabara. Mpango ulikuwa wa kilomita 223: Kasindi mpaka Beni kilomita 80, Beni mpaka Butembo kilomita 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilomita 89. Wakati vita ilichukua Bunagana mwezi wa sita 2022, mpango wa upande ule ulivurugika. Hilo ni fundisho la kwanza: mpakani, barabara inategemea pia usalama, haitegemei makuta peke yake.

Tena kuko ule mpango wa maendeleo ya teritwari 145, wenye watu wanaita PDL-145T. Serikali iliupa mashirika matatu: PNUD, BCeCo na CFEF. Ndani yake muko masomo, vituo vya afya, majengo ya utawala, na pia njia za kilimo.

Mipango hii ni mizuri. Lakini angalieni ramani: barabara kubwa inaunganisha mpaka na miji. Shamba lako haliko kando ya lami. Liko nyuma ya kilima, kilomita 6, 11 ao 18 ndani. Gari linakwama kwenye kilomita hizo, na ni pale pikipiki inatoza bei yenye inataka.

2. Kila njia iko na mwenyewe

Watu wengi wanasema: «Njia ni ya serikali.» Ni kweli, lakini serikali iko na milango mingi. Ukigonga mlango wenye si wake, utarudi bure.

– Barabara za taifa na za jimbo ziko chini ya Office des Routes.
– Njia za kilimo ziko chini ya OVDA, yenye zamani tuliita DVDA.
– Njia za ndani za vijiji zinahusu sekta ao sheferi pamoja na wakaaji.
– FONER, yenye iliundwa na sheria ya 2008, haitengenezi njia kwa mikono yake. Inakusanya makuta ya kutunza barabara, sana sana kwenye mafuta ya gari na kwenye peaji. Kila litre ya mafuta yenye pikipiki inachoma kwa kubeba kahawa yako, wewe pia umelipa ndani yake.

Tena, sheria ya 2008 juu ya utawala wa majimbo inasema kama katika sehemu ya makuta ya taifa yenye inarudia jimbo, 40 kwa mia inapaswa kushuka mpaka kwa miji, komini, sekta na sheferi. Munajua kama mara nyingi haifiki sawa vile imeandikwa. Lakini mutu mwenye anajua haki yake anauliza vizuri. Muulize kwa heshima, kwa barua, mubakize kopi yenye iko na kashe.

3. Adui wa njia ni maji

Wengi wanafikiri njia inaharibiwa na gari. Gari linamalizia tu. Mwenye anaanza ni maji. Ukiondoa maji juu ya njia, njia ya udongo inaweza kudumu miaka. Ukiyaacha, hata kazi ya makina itakufa kwa majira moja.

Kazi zenyewe hazihitaji makina:

a) Mgongo wa njia. Katikati kunapaswa kupanda kuliko pembeni. Kwa njia ya upana wa mita 5, katikati ipande sentimita 10 mpaka 12. Njia yenye iko sawa na bakuli inakuwa bwawa.

b) Mifereji ya pembeni. Isafishwe mbele ya mvua kuanza, na tena katikati ya majira. Udongo wenye umetolewa usitupwe juu ya njia ao pembeni karibu. Utarudia na mvua ya kwanza.

c) Matokeo ya maji. Kwenye mteremko, maji ya mfereji yapewe njia ya kutoka kila mita 20 mpaka 40. Yakikimbia mbali sana bila kutoka, yanapata nguvu na kuchimba korongo. Musikilizane kwanza na mwenye shamba pale maji yatatokea. Kama hapana, yeye mwenyewe ataziba usiku, na atakuwa na sababu.

d) Vizuizi vidogo vya mawe ao miti ndani ya mfereji, fasi mteremko ni mkali, ili maji yapunguze mbio.

e) Majani ya kuzuia mmomonyoko kwenye mashamba ya juu ya njia: setaria ao tripsakumu, kwa mistari yenye inafuata kilima. Hapa njia na kilimo vinakutana. Udongo wenye unajaza mfereji ni udongo mzuri wa shamba lako.

f) Matawi yakatwe. Njia yenye iko chini ya kivuli cha mikaratusi haikauki.

g) Baryeri ya mvua. Wakati mvua inanyesha, na masaa ya nyuma mpaka udongo ukauke, magari mazito yasipite. Baryeri hiyo ni ya kulinda njia, si ya kutoza makuta. Ikianza kutoza, watu wataichukia, na watakuwa na haki.

4. Tupige hesabu

Huu ni mfano, muweke bei za kwenu. Tuseme koperative iko na wanachama 120, kila mutu anauza mifuko 6 ya viazi kwa majira. Jumla ni mifuko 720. Njia mbaya: pikipiki inaomba dola 10 kwa mfuko. Njia nzuri: gari linapanda na linaomba dola 4. Faida ni dola 6 kwa mfuko, maana yake dola 4.320 kwa majira.

Sasa tulipe watunzaji wa njia 6, kila mmoja dola 40 kwa mwezi, miezi 6: dola 1.440. Vifaa, yaani majembe, beleshi, mapanga na bureti: dola 300. Jumla 1.740. Kila mfuko ukitoa dola 2 na nusu, tunapata 1.800. Inatosha, inabakia 60 ya mipini. Na mkulima anabakia na dola 3 na nusu kwa kila mfuko, zenye zamani zilikuwa zinaenda kwa usafiri.

Lakini muwe macho. Mnunuzi naye anajua kama njia imekuwa nzuri. Kama kila mutu anauza peke yake, mnunuzi atakuja na gari mpaka kwenye shamba na kushusha bei. Faida itaingia mfukoni mwake. Mupime pamoja, muuze pamoja.

5. Njia iko na pande mbili

Barabara yenye inatoa kakao na kahawa yetu kwenda Kasindi, ni ileile yenye inaleta unga, vitunguu na vingine kutoka Uganda. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na biashara ya mpaka itaendelea kukua. Mbele ya kuongeza shamba, mutume mutu sokoni aangalie: vitu gani vinatoka ng'ambo, kwa bei gani, na mwezi gani? Mupande vyenye munaweza kushinda, na muvune wakati vya ng'ambo ni haba.

6. Kazi ya mkutano wenu ujao

– Mutembee kwa miguu njia yenu yote, mukiandika kila fasi mbaya: kilomita ngapi, shida gani.
– Mutenganishe: hii tunaweza kwa salongo, hii inaomba fundi na makuta. Daraja na buzi kubwa si kazi ya salongo. Ni kwa hizo mutaandikia OVDA na sekta ao sheferi.
– Muchague komite ya njia yenye wamama wako ndani, juu wao ndio wanabeba mizigo mgongoni wakati gari halipiti.
– Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wote.

Ile koperative ya nyanya ilijenga upya daraja lake, mawe chini na miti juu. Nyanya walirudilia, lakini kidogo. Na yule mama ni yeye anashika kitabu cha makuta ya njia. Mimi, wakati ninapita kule, ninaonyeshwa mifereji kwanza, mashamba nyuma. Ni vizuri hivyo.

Kazi njema, na mvua ipite juu ya mashamba, isipite juu ya njia!