Seli shina: zinabakije changa?

Darasani umeshaambiwa kwamba mwili wako ulianza na seli moja tu. Leo una seli za ngozi, za ini, za moyo na za ubongo, na karibu zote zina DNA ileile. Sasa kama maagizo ni yaleyale, mbona jicho haliwi figo?

Tunaliuliza swali hili kwa sababu siku hizi wapo watu wanaouza vidonge na vinywaji kwa jina la "seli shina". Eti vinatibu kila kitu, kuanzia kisukari mpaka selimundu. Ukielewa seli hizi zinavyofanya kazi, hutadanganyika kirahisi. Tena utaweza kumshauri mzazi kabla hela ya ada haijaishia kwa muuzaji.

SELI SHINA NI NINI?

Siku kama 5 baada ya yai kurutubishwa, ndani ya kiinitete kuna fungu dogo la seli ambazo bado hazijachagua kazi. Kila moja inaweza kuzaa seli za aina yoyote ya mwili, iwe neva, msuli au mfupa. Hizi ndizo seli shina zenye uwezo mwingi. Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman wa Uingereza walifaulu kukuza za panya maabara. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake, Marekani, wakafaulu kukuza za binadamu.

Usizichanganye na seli shina za uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa. Hizo zimeshachagua njia: kazi yao ni kuzaa seli za damu.

MAKTABA AMBAYO VITABU HAVITOKI

Fikiria maktaba ya shule ambayo hairuhusu kuazima vitabu. Utafanyaje? Utanakili ukurasa unaoutaka, kisha utatoka na notisi zako. Kiini cha seli kiko hivyohivyo. DNA inabaki ndani. Mashine iitwayo RNA polimerasi II inanakili jeni, nakala inatoka nje ya kiini, na huko protini inatengenezwa kwa kuifuata.

Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, lakini hakuna seli inayozinakili zote. Seli ya ini inanakili za kwake, na ya ubongo za kwake. Kwa hiyo kitabu ni kimoja, ila kurasa zinazonakiliwa ni tofauti. Ndiyo maana jicho haliwi figo.

VIONGOZI WATATU NA MSHENGA WAO

Polimerasi peke yake haijui ianzie jeni gani. Inahitaji protini za kuielekeza. Katika seli shina, viongozi wakuu ni watatu: Oct4, Sox2 na Nanog. (Nanog ilipewa jina hilo mwaka 2003, kutokana na nchi ya hadithi za kale za Ireland ambako watu hawazeeki!) Protini hizi zinashika sehemu maalumu za DNA, zinawasha jeni za kubaki changa, na zinasaidia kuzizima jeni za kuwa neva, msuli na kadhalika.

Lakini hapa kuna tatizo. Mara nyingi mahali zinaposhika pako mbali na mwanzo wa jeni. Zitaongeaje na polimerasi? Kama posa inavyopitia kwa mshenga, ndivyo na hapa. Kundi kubwa la protini liitwalo Mediata linashikana na viongozi upande mmoja na polimerasi upande wa pili. Uzi wa DNA unajikunja kuwa kitanzi, na protini zenye umbo la pete, kohesini, zinakishikilia kitanzi hicho.

Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Richard Young, Marekani, walipunguza Mediata au kohesini katika seli shina za panya. Matokeo yake Oct4 ilipungua, na seli zikaanza kupoteza hali yao ya ushina. Jeni zilikuwepo palepale. Aliyekosekana ni mshenga.

KAZI ISIYO NA LIKIZO

Kati ya jeni zinazowashwa na viongozi hawa watatu, zimo jeni zao wenyewe! Kila mmoja anamwasha mwenzake. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu protini huvunjwa ndani ya seli. Zisipotengenezwa nyingine, zinaisha. Kumbe uchanga wa seli si kitu kilichowekwa akiba. Ni kazi ya kunakili inayoendelea usiku na mchana.

Na kipimo lazima kiwe sawa. Mwaka 2000 Hitoshi Niwa na wenzake walionyesha kwamba Oct4 ikishuka chini ya nusu, seli shina za panya zinageuka kuwa seli za aina inayojenga kondo. Ikizidi, hata isipofika mara mbili, zinageuka kuwa aina nyingine.

JE, SELI KUBWA INAWEZA KURUDI UTOTONI?

Ndiyo, maabara. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, Japani, walianza na jeni 24, wakazichuja mpaka 4: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Wakaziingiza katika seli za ngozi za panya, na baadhi ya seli hizo zikarudi kuwa kama seli shina. Mwaka 2007 ikawezekana kwa seli za binadamu. Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Lakini tahadhari! c-Myc inahusika na saratani, na seli isiyochagua kazi ikiachwa mwilini inaweza kuwa uvimbe. Ndiyo maana mwaka 2014, mgonjwa wa kwanza alipopandikizwa jichoni huko Kobe, Japani, seli zilikuwa zimeshageuzwa kwanza kuwa seli za retina.

SASA, UNAWEZA KUINYWA?

Hapana. Seli ukiimeza inameng'enywa tumboni kama nyama. Ukila supu ya utumbo hupati utumbo mpya, si ndiyo? Hakuna unga unaoweza kwenda kupanga viongozi na mshenga ndani ya viini vya seli zako.

Upandikizaji wa uboho ni tiba ya kweli kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu, lakini hufanywa hospitalini na wataalamu, baada ya kumpata mtoaji anayelingana na mgonjwa. Mwenye selimundu au kisukari asiache dawa za kliniki kwa ajili ya chupa ya mtaani. Muuzaji akikuandama, muulize: seli hiyo inapitaje tumboni, na ikifika inageukaje kuwa ile ninayoihitaji? Kisha kamuulize daktari maswali hayohayo.

JIPIME

1. Kwa nini seli ya ini na ya ubongo ni tofauti ingawa DNA yao ni moja?
2. Mediata inafanya kazi gani?
3. Jirani anataka kununua kinywaji cha "seli shina" kwa ajili ya mtoto wake mwenye selimundu. Utamwambia nini? Jadilini darasani.