Kodi ya Miezi Sita kwa Chumba cha Ipogolo

*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mjini Iringa anaeleza kuwa dalali amempatia chumba Ipogolo, ila mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bila mkataba wa maandishi. Anauliza kama alipe.*

Wasiwasi huo una msingi, ingawa dai lenyewe si la ajabu: sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi na muda wa malipo huamuliwa kwa mapatano. Hatari basi haiko kwenye miezi sita bali kwenye kulipa bila maandishi. Mkataba utaje kiasi, muda wa notisi, yaani taarifa ya kuhama, na namna ya kugawana umeme pale nyumba nzima inapotumia mita moja ya LUKU, chanzo cha ugomvi usiokwisha baina ya wapangaji. Kabla ya kulipa, mwenyekiti wa mtaa aulizwe kama anayepokea fedha ndiye mwenye nyumba.

Ipogolo iko bondeni, kando ya barabara kuu ya Mbeya, na mji uko juu mlimani, hivyo nauli ya daladala ihesabiwe pamoja na kodi. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa lisiachwe chumbani, kwani monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, huua usingizini.

Mgogoro usiopatanishwa mtaani hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mkataba na risiti ndivyo ushahidi.