SOMO: Ichunguze Foku Kabla ya Kubeba Mzigo



Pikipiki zimeenea Kisii na Nyamira, lakini baiskeli bado inabeba ndizi na mitungi ya maji. Tukinunua maunten kuukuu, wengi wetu tunatazama rangi, gia na tairi. Foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inasahaulika. Ikivunjika mtu akiteremka Manga na mzigo, hata breki nzuri haitamwokoa.

Aina mbili za stili

Stili ya kawaida hutengenezwa kwa bomba nene ili ipate nguvu. Ya pili, kromoli, imeongezwa kromu kama asilimia 1 na molibdeni kidogo. Ina nguvu zaidi, kwa hiyo bomba lake huwa jembamba na foku huwa nyepesi.

Namna ya kuzitambua

1. Sumaku. Isiposhika, huenda ni aluminiamu. Ikishika ni stili, lakini sumaku hushika aina zote mbili, kwa hiyo usidanganywe nayo.

2. Chapa. Tafuta Cr-Mo au 4130 kwenye foku yenyewe. Chapa ya fremu si ya foku. Tena foku yaweza kuwa ilibadilishwa.

3. Ncha za chini, pale ekseli inapokaa. Bomba lililobanwa tu likawa bapa ni dalili ya foku ya bei ya chini. Kipande kinene kilichoungwa mwishoni ni dalili nzuri.

4. Uzito. Mwambie fundi aitoe, kisha pimeni na nyingine ya ukubwa ule ule. Kromoli kwa kawaida ni nyepesi.

Dalili moja haitoshi. Angalieni zote pamoja.

Nzuri si lazima iwe nzima

Kromoli inashika kutu kama stili nyingine, maana chuma kisichoshika kutu huhitaji kromu karibu asilimia 11 au zaidi. Na mvua yetu mnaijua. Foku ikiwa imetolewa, mulika ndani ya bomba la shingo uone kutu. Safisha pale miguu inapoungana na shingo. Rangi iliyokunjamana yaonyesha kwamba foku ilipinda. Mstari mwembamba kama unywele waweza kuwa ufa. Foku yenye ufa, au iliyopinda ikanyoshwa, au iliyochomelewa tena, isibebe mzigo. Afadhali stili ya kawaida iliyo nzima kuliko kromoli yenye ufa.

Maswali ya kujadili

1. Kabla pesa za kikundi hazijatoka, nani atakagua baiskeli?

2. Tukikuta foku yetu ina ufa, je, ni haki mbele za Mungu kuipaka rangi na kumwuzia jirani? Au tuikate, tuiuze kama chuma chakavu?