Macho ya Mzazi, Mikono ya Mtoto

Mtoto wa miaka miwili akijimwagia maharage yanayochemka, watu husema ni mtundu, au ni mapenzi ya Mungu. Maelezo hayo hayatoshi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilikadiria kuwa watoto zaidi ya 2,000 hufa kila siku kwa majeraha yasiyokusudiwa, na zaidi ya asilimia 95 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utundu ungekuwa ndio chanzo, pengo hilo lisingekuwepo, maana watoto ni watundu kila nchi. Kinachotofautiana ni mahali wanapochezea na jinsi wakubwa wanavyowaangalia.

Mtoto mdogo hupanda, huvuta, hutia kitu mdomoni, ndivyo anavyojifunza. Mzazi naye hudhani akishamkataza amemkinga. Mwanasaikolojia Barbara Morrongiello wa Kanada, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kuwa hata watoto wanaozijua kanuni za nyumbani huzivunja, kwa sababu uwezo wa kujizuia haujakomaa. Uangalizi unaokinga ni kuwa karibu kiasi cha kumfikia mtoto, kumtazama, na kutokatiza; kumsikia tu akicheza chumba cha pili hakutoshi. Tena wazazi humwonya zaidi msichana, mvulana huachwa ajaribu. Wavulana ndio wanaoumia zaidi.

Hapa Mutanga Nord, nchini Burundi, imbabura, yaani jiko la makaa, huwekwa chini, kimo kilekile cha anayetambaa. Iinueni juu ya matofali, mahali asipofika. Mafuta ya taa na javeli (dawa ya kung'arisha nguo) visitiwe kamwe kwenye chupa ya soda, kwani mtoto aliyezoea kunywa humo hana namna ya kutofautisha. Ndoo ya maji ifunikwe. Korongo la Ntahangwa, ambalo kingo zake humomonyoka mvua zikinyesha, haliwezi kuzibwa na mzazi mmoja. Hapo majirani na shefu wa mtaa wakubaliane juu ya uzio na njia ya watoto.

Mama atauliza: nani atafanya kazi nikikaa kumtazama mtoto? Swali hilo ni la haki, na kulijibu kwa lawama ni dhuluma. Vijijini Bangladesh, watoto walikusanywa kwa mlezi mmoja asubuhi, saa ambazo mama zao wamezidiwa na kazi, na vifo vya kuzama majini vikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nyumba chache za jirani zinaweza kupeana zamu vivyo hivyo. Lakini zamu isiwe ya dada wa miaka minane. Naye ni mtoto. Wengine watasema mtoto akililia wembe apewe. Wembe humkata kidole, uji wa moto humkunja mkono maisha yote. Kipigo nacho humfundisha kujificha, na anayejificha yuko mbali na macho yenu.

Akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno wala mafuta, kisha mkimbizeni kituo cha afya. Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Msikawie nyumbani kwa kuhofia gharama.