Vidole Viwili Mbele ya Macho: Mafunzo Niliyopata

Ajali yenyewe sitaisimulia yote. Ilitokea Salgaa, kwenye ule mteremko ambao kila dereva wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret anaujua. Mkono wangu wa kushoto ulibanwa chini ya kiti, na simu ya abiria aliyekuwa kando yangu, ambaye tayari alikuwa ameaga dunia, iliendelea kuita. Ilikuwa karibu, lakini sikuweza kuifikia. Mfupa uliunga vizuri. Ni ule mlio uliokataa kuniacha: simu ikiita katika chumba cha walimu, mimi jasho linanitoka na chaki inaanguka.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mwanasaikolojia wa Nairobi anayetibu kwa EMDR, njia ambayo mgonjwa hulikumbuka tukio baya huku macho yake yakifuata vidole vya mtaalamu kulia na kushoto. Nilicheka. Nilidhani ni mazingaombwe. Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo.

1. Unaweza kumshukuru Mungu na bado ukawa mgonjwa

Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Mshukuru Mungu uko hai." Nilimshukuru, na usiku niliamka nikipiga kelele. Mama mkwe aliona hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, kwamba kilio changu kilikuwa upungufu wa imani. Mwanasaikolojia hakubishana na imani ya mtu. Aliniuliza tu kama jinamizi, kushtuka na kukwepa barabara ile vilikuwa vimepita mwezi mmoja. Vilikuwa vimepita zamani. Hapo ndipo niliposikia kwamba hali hii ina jina, mfadhaiko wa baada ya kiwewe, na kwamba madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi katika mwongozo wao mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam. Kujua kwamba wanajeshi wenye bunduki walikumbwa na jambo lile lile kulinipunguzia aibu kuliko mahubiri yoyote.

2. Jambo likianza kwa bahati si lazima liwe uongo

Mwanzilishi wa tiba hii ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, mawazo yanamsumbua, akagundua kwamba macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku haraka na kwamba makali ya yale mawazo yalipungua. Akaanza kujaribu kwa wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza, wa watu 22. Wasomi wengi walimkejeli, na kwa haki: watu 22 ni wachache, na madai yalikuwa makubwa.

Lakini majaribio yaliendelea, mengine yakifanywa na watu wasiompenda. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja EMDR katika miongozo yake kuwa miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa wenye mfadhaiko wa baada ya kiwewe, watoto kwa wakubwa. Uingereza nayo inaipendekeza. Mwaka 2021 mwanamfalme Harry alionekana akitibiwa kwa njia hiyo katika kipindi cha televisheni, na ghafla hata wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wanaijua. Mimi nilitulizwa zaidi na miongozo kuliko mwanamfalme, ila kila mtu na anachokiamini.

3. Vidole haviji siku ya kwanza

Nilikwenda nimejiandaa kukodoa macho. Badala yake tuliongea kuhusu usingizi, dawa ninazotumia, nani yuko nyumbani nikirudi, kama nimewahi kutaka kujiua, kama nina kifafa. Tiba hii ina hatua nane, na macho yanaingia kwa uzito katika ya nne. Mbili za mwanzo ni historia na maandalizi, na anayeziruka anacheza na moto.

Katika maandalizi nilitakiwa nichague mahali pa utulivu akilini, pa kukimbilia mambo yakizidi. Wengi huchagua bahari. Mimi bahari naiogopa. Nilichagua jikoni kwa shangazi yangu Kakamega, magunzi yanawaka, yeye ananisengenyea jirani. Mtaalamu hakushangaa. Pia nilifundishwa kuwazia sanduku lenye kufuli ambamo ningefungia chochote kitakachobaki hakijamalizika mwisho wa kikao. Niliona ni mchezo wa watoto hadi usiku wa kikao cha kwanza kigumu, nilipolihitaji sanduku lile kweli kweli.

4. Hulazimishwi kusimulia

Hili ndilo ningependa watu wetu walijue kuliko yote. Tunakotoka, kuna mambo mtu hayasemi: aliyebakwa hasemi, mwanamume aliyepigwa hasemi, aliyeona maiti hasemi kwa sababu atawatia wengine nuksi. Ushauri wa kuongea unatudai kile tusichoweza kukitoa. Katika EMDR mtaalamu alinitaka nichague picha moja tu, ile mbaya zaidi. Nikamwambia, "Simu." Hakuniuliza simu ya nani.

Kisha akaniuliza picha ile inanifanya nijiambie nini kuhusu nafsi yangu. Nilikaa kimya muda mrefu. Jibu lilikuwa, "Sina uwezo." Na ningependa kuamini nini badala yake? "Nilifanya nilichoweza." Akataka nilipe hilo la pili alama kutoka moja hadi saba, linavyohisiwa kuwa kweli moyoni, si kichwani. Nikalipa mbili. Maumivu nayo yana kipimo chake, kutoka sifuri hadi kumi. Nikasema tisa. Yako wapi mwilini? Mkono wa kushoto, mfupa ambao ulikuwa umepona kabisa kwa mujibu wa eksirei.

Alikaa upande, si mbele yangu uso kwa uso, akainua vidole viwili. Vikaenda na kurudi, haraka kuliko nilivyotarajia, kwa muda wa kama nusu dakika. Akasimama. "Vuta pumzi. Nini kimekuja, mwalimu?" Wakati mwingine nilimjibu neno moja: harufu, dizeli, baridi. Wakati mwingine nilisema tu, "Kimebadilika." Naye akasema, "Haya, endelea na hicho," vidole vikarudi. Hakufasiri, hakunipa pole, hakunihubiria. Mara moja nililia kwa sauti kubwa, akauliza kama nataka kusimama; tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba nikiinua mkono, kila kitu kinakoma. Sikuuinua.

5. Kumbukumbu ina ndugu zake

Nilidhani tunatibu ajali. Katikati ya mzunguko mmoja, bila kuitwa, likaja darasa la nne. Mwalimu mkuu amesimama mlangoni, ananiita nje kwa jina langu la ubatizo, na mimi najua kabla hajafungua mdomo kwamba mama amefariki. Miaka yote nilikuwa nimelikumbuka tukio lile bila kutikisika. Sasa mkono wa kushoto uliuma vibaya, kwa sababu ndio niliokuwa nimeshikia dawati nikikataa kutoka.

Shapiro aliamini kwamba akili ina uwezo wa asili wa kulisaga tukio na kulihifadhi, na kwamba kiwewe hulikwamisha pamoja na sauti, harufu na hofu ya siku ile, likaungana na mengine yanayofanana nalo. Kama nadharia nzima iko sawa au la, kwa upande wangu ile simu na ule mlango vilikuwa jambo moja: wito nisioweza kuufanyia lolote. Tulifanya kazi ya mlango kwanza. Tuliporudi kwa simu, ile tisa ilikuwa imeshuka kabla hatujaigusa. Baadaye ilifika moja, ikabaki hapo. Nilitaka sifuri. Mtaalamu akaniambia kuna huzuni zinazostahili kubaki na kitu.

Sikusahau chochote. Rangi ya kava la ile simu naikumbuka hadi leo. Tofauti ni kwamba naikumbuka nikiwa nimekaa hapa.

6. Wasomi bado wanavutana kuhusu macho, na hilo halinizuii kulala

Nilisoma sana, tabia ya walimu. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2001 ulikusanya tafiti mbalimbali ukahitimisha kwamba kutembeza macho hakuongezi kitu, kwamba kinachoponya ni kulikabili tukio mahali salama. Mwingine wa mwaka 2013 ukasema macho yanaongeza, tena kwa kiasi cha kuonekana. Maelezo yanayonivutia ni ya watafiti wanaosema sehemu ya akili inayoshikilia jambo la sasa hivi ni ndogo. Mama anayekaanga mandazi huku akihesabu chenji ya mteja hawezi kugombana na mumewe kwa ufasaha. Ukifuata vidole huku ukitazama picha ya kutisha, picha inakosa nafasi, inafifia, na inarudi kuhifadhiwa ikiwa imefifia. Kwenye maabara, hata kuhesabu kurudi nyuma au kucheza Tetris kumeonekana kupunguza ukali wa picha kwa namna hiyo.

Kwa hiyo macho hayana uchawi wa peke yao. Wapo wanaotumia sauti kwenye masikio, kulia kisha kushoto, au vifaa vinavyotetemeka viganjani. Baada ya kimbunga Pauline kupiga Acapulco, Meksiko, mwaka 1997, Lucina Artigas na Ignacio Jarero waliwafundisha watoto kukunja mikono kifuani na kujigonga mabega kwa zamu, mtindo unaoitwa kumbatio la kipepeo. Naufanya ndani ya matatu. Abiria hudhani nasikia baridi.

7. Muulize maswali kabla hujamlipa

Baada ya kikao nilikuwa mchovu kama niliyelima, na ndoto za usiku ule zilikuwa nyingi na za ajabu. Niliambiwa nizitegemee na niziandike. Usipange mtihani au safari ndefu jioni hiyo. Mimi nilikuwa nikilala kwa dada yangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, kabla ya kurudi Nakuru.

Kuna video nyingi mtandaoni zenye nukta inayokwenda kulia na kushoto, zikiahidi kukuponya bila mtu. Ziache. Nukta haitambui kwamba umeacha kupumua, wala haioni kwamba akili yako imetoka chumbani. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya macho, mjamzito, anayekunywa pombe sana na anayepotewa na fahamu ya mahali alipo wote wanapaswa kulisema hilo mapema, ili mtaalamu aamue kasi au aanze na jambo jingine.

Kenya tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, hivyo uliza kwanza kama amesajiliwa. Halafu uliza amefunzwa EMDR wapi, kama alimaliza mafunzo au alihudhuria semina ya wikendi moja, na nani anamsimamia. Uliza pia tutafanya nini nikizidiwa katikati. Niliyekwenda kwake mara ya kwanza kabisa, kabla ya huyu, alikasirika nilipouliza hilo la mwisho. Nikalipia ile saa, nikaondoka, na nauli ya kurudi ikaniuma kidogo tu.