Mita Yako Haikimbii
Kijitabu cha elimu kwa watumiaji wa umeme wa LUKU majumbani

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: "Juzi tu nimenunua umeme wa elfu kumi, leo mita inalia." Mita ndiyo inayobebeshwa lawama. Laiti yangeishia kwenye lawama tusingeandika kijitabu hiki. Wengi wakishalaumu, humwita kishoka.

USIMRUHUSU MTU AFUNGUE MITA YAKO ETI "AIPUNGUZE KASI." Mita haina kasi ya kupunguzwa. Kishoka anachofanya ni kuchepusha waya ili umeme upite bila kuhesabiwa. Kaunga kwa koleo na tepu, kiungo kimelegea, na siku utakayowasha pasi na jiko kwa pamoja kiungo hicho kinapata moto hadi tepu inayeyuka. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, na atakayekutwa na mita iliyochezewa ni wewe. Simu ya kishoka wakati huo haipatikani.

Sasa, uniti zinakwenda wapi?

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Heta ya kuogea ya wati 4,500 ikiwaka dakika 20 inakula uniti moja na nusu. Wakioga watu wanne hivyo, uniti 6 zimekwenda kabla ya chai, na kwa mwezi ni 180. Taa ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kumaliza uniti moja. Baba anayefoka kwa sababu ya taa ya barazani huku heta inaunguruma anafukuza kuku, ng'ombe wako shambani.

Maharage makavu kwenye jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili ni uniti 3. Yaloweke usiku kucha. Nguo zipige pasi mara moja kwa wiki, si shati moja kila asubuhi. Friji ibane karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka na mashine haipumziki.

Bado una shaka na mita? Ipime mwenyewe, bila kuigusa. Tazama taa nyekundu inayopepesa. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, taa ikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Chomoa kila kifaa na uzime taa zote, swichi kubwa ibaki imewashwa. Ikiendelea kupepesa, ama kuna kitu umekisahau ama umeme unavuja kwenye waya: tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Kisha zima swichi kubwa. Ikipepesa hata hapo, huenda kuna waya uliochukuliwa kabla ya swichi, jambo la kutazamwa hasa kwenye nyumba za kupanga. Toa taarifa TANESCO. Usimwite kishoka.

Kuhusu bei, kwa kifupi: kwa viwango vilivyoanza 2016, mteja wa kundi la D1, ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Anayezoea kuzidi huhamishwa kundi. Kodi na tozo ziko juu ya bei hiyo, na kodi ya jengo hukatwa humo humo. Masharti mengine ulizia ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe.

 

Akibisha mtu hodi akasema ametumwa kukagua mita, mwombe kitambulisho, kisha piga simu ofisini uulize kama anajulikana. Kabla hujajibiwa asiiguse mita, hata kama amekuja na kofia ngumu na ngazi begani.