Friji Bovu Litunze Maziwa ya Jioni

Ndugu mfugaji, maziwa ya asubuhi hupata mnunuzi. Ya jioni ndiyo hulala yakachacha. Ukipata friji dogo lililokufa mashine, usilitupe. Kuta zake zina povu linalozuia joto.

Kwanza fundi wa friji aitoe gesi. Usikate mabomba mwenyewe. Ng'oa komeo la mlango, kwani mtoto akijifungia ndani atakosa hewa na kufa. Kisha lilaze chali, mlango uwe kifuniko. Ziba kile kitundu cha maji cha ukuta wa nyuma, maana sasa kiko chini na kitavuja. Bana karatasi mlangoni: ikichomoka kwa urahisi, mpira umechoka, badilisha.

Kamua, chuja, tia maziwa katika kopo la alumini lenye mfuniko. Dumu la plastiki halifai. Halioshwi vizuri ndani, na hupoza polepole. Simamisha kopo ndani ya friji, mimina maji yafike usawa wa maziwa, ndipo utie barafu. Wengi huweka barafu peke yake pembeni mwa kopo, kisha hulaumu friji. Maji ndiyo yanayokumbatia kopo na kuvuta joto; hewa haiwezi. Kwa lita 10 za maziwa tenga barafu kilo 6 hivi, na katika saa ya kwanza koroga mara kadhaa kwa upawa uliochemshwa.

Asubuhi usimimine maziwa ya moto juu ya haya ya baridi. Mwaga maji, osha friji, liache wazi likauke.